Bastola, rivolva, shotigani au AR-15: silaha ya kwanza ya kulinda nyumba kwa sisi tulioko Marekani

Watu wetu huniuliza swali hili wakishahamia nyumba yao ya kwanza, au gari la jirani likivunjwa kioo, au baba akianza zamu za usiku na mama akabaki na watoto. "Kaka, ninunue bunduki gani?" Hapa Texas majibu utayapata mia kabla hujashuka kwenye gari, na mengi yatakuwa juu ya risasi ipi ina nguvu kuliko nyingine. Mimi huuliza kwanza mambo mengine: nani analala humo ndani, ukuta umejengwa kwa nini, na ni mikono ya nani itakayoishika silaha hiyo saa nane usiku huku inatetemeka. Nguvu ya risasi naiweka nyuma kabisa, kwa sababu silaha zote nne nitakazolinganisha hapa zinaua.

Silaha hizo ni bastola ya magazini (kasha linalobeba risasi), rivolva (ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka), shotigani na AR-15, ambayo ni bunduki ndefu. Baada yake kuna chaguo la tano ambalo muuzaji hatalitaja, yaani kutonunua, nami nalipa nafasi yake kwa sababu kwa baadhi ya nyumba ndilo jibu sahihi.

Kwanza, hati zako

Hapa ndipo wengi wetu tunaweza kuharibikiwa kabla ya kufyatua hata risasi moja. Raia na mwenye grini kadi wanaruhusiwa kununua wakitimiza masharti mengine. Aliyepokewa kama mkimbizi, au aliyekwisha kupewa hifadhi, naye hayumo kwenye orodha ya waliokatazwa na sheria ya shirikisho kwa sababu ya hadhi yake. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya matembezi, amekatazwa kumiliki na hata kushika silaha na risasi, isipokuwa awe amepata msamaha unaotajwa na sheria, kama vile kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Katazo hilo halikomei dukani. Linamfuata mwanafunzi aliyealikwa na wenzake kwenda kulenga shabaha Jumamosi. Kama maombi yako ya hifadhi bado hayajaamuliwa, au uko chini ya ulinzi wa muda (TPS), muone wakili wa uhamiaji kabla ya kumuona muuza bunduki.

Dukani utajaza Fomu 4473, yaani fomu ya shirikisho ya kununua silaha, kisha muuzaji atatuma taarifa zako zikaguliwe. Fomu inauliza uraia wako. Isome taratibu, na kama Kiingereza cha kisheria kinakusumbua nenda na mtu anayekielewa. Mwenye grini kadi akijiandika kuwa raia wa Marekani anaweza kufungiwa njia ya uraia, hata kurudishwa alikotoka. Fomu inauliza pia habari ya bangi, na inaonya wazi kwamba sheria ya shirikisho haijali kama jimbo lako limeihalalisha. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, hata kwa kosa dogo, amezuiwa. Na usimnunulie shemeji asiyeruhusiwa kisha ukaandika kwamba silaha ni yako. Hilo ni kosa kubwa la jinai, na kwa asiye raia hukumu ya kosa la silaha ni sababu tosha ya kuondolewa nchini.

Majimbo nayo yana yake. Texas hakuna kibali cha kununua. Minnesota, ambako Wakenya na Wasomali ni wengi, wanataka kibali cha polisi kabla ya bastola. Illinois ina kadi yake, New Jersey na Massachusetts vivyo hivyo. Sheria ya shirikisho ya 1968 inaweka miaka 21 kwa bastola kwenye duka lenye leseni na miaka 18 kwa bunduki ndefu, na baadhi ya majimbo yamepandisha zaidi.

Ukuta wa jipsamu

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za tofali za saruji, au za mawe ya matumbawe kule pwani, tunasahau kwamba nyumba ya Marekani ni fremu ya mbao iliyovikwa jipsamu. Kila upande una unene wa nusu inchi, kama milimita 13, na katikati ni hewa, labda na nyuzi za kuzuia baridi. Ngumi ya kijana mwenye hasira inatoboa.

Risasi yoyote inayoweza kumsimamisha mtu inapita kuta kadhaa za namna hiyo. Marisau makubwa ya shotigani yanapita. Risasi ya bastola yenye ncha wazi, ambayo hutanuka ikiingia mwilini, mara nyingi huzibwa na jipsamu kwenye ncha yake na kuendelea kama risasi ya kawaida. Risasi nyepesi ya AR-15, kinyume na watu wanavyodhani, huelekea kupinduka au kuvunjika na kupoteza nguvu mapema zaidi, lakini nayo inapita ukuta wa kwanza na wa pili. Kwa hiyo usinunue silaha yoyote kwa kuamini kwamba haitafika chumba cha watoto.

Fanya hivi leo, kabla ya kununua chochote. Keti kitandani mwako, nyoosha mkono kuelekea mlango wa chumba, halafu taja kwa jina anayelala nyuma ya mlango huo na nyuma ya ukuta unaofuata. Ukikaa apatimenti, mtaje na jirani, hata kama humjui jina. Wapo niliowaambia wafanye zoezi hili na wakahamisha kitanda upande wa pili wa chumba, ili mwelekeo wa mlango uangukie ukuta wa nje wa matofali. Kitanda kuhamishwa ni bure.

Shotigani

Hii tunaijua kwa macho tangu nyumbani, maana ndiyo inayoning'inia begani kwa mlinzi wa benki. Hapa za kulindia nyumba nyingi ni zile za kukoki kwa kuvuta mkono wa mbele: Remington 870, ambayo muundo wake ni wa 1950, na Mossberg 500 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maverick 88, ambayo ni ya ukoo wa Mossberg, mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 300. Kwa bei hiyo hakuna silaha mpya inayotegemeka kuizidi.

Risasi yake ya ulinzi ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ndogo ndiyo mtutu mpana) hubeba marisau makubwa manane au tisa, kila moja likiwa na upana wa milimita 8.4, na yote hutoka kwa mpigo mmoja. Anayesema ndiyo yenye nguvu kubwa kuliko zote kwa umbali wa chumba hajakosea.

Ninachopinga ni hadithi zinazouzwa pamoja nayo. Moja ni kwamba huhitaji kulenga, eti marisau yanatawanyika chumba kizima. Kanuni ya makadirio wanayotumia wakufunzi ni inchi moja ya mtawanyiko kwa kila yadi ya umbali. Kwenye sebule ya yadi tano, basi, marisau yako yanafika yakiwa yamekusanyika kwenye eneo la ukubwa wa kiganja. Ukilenga pembeni umekosa kabisa, na marisau tisa yako safarini kwenda kwa jirani. Hadithi nyingine ni kwamba mlio wa kukoki unamkimbiza mwizi. Labda utamkimbiza, labda utamwonyesha ulipojificha, na maisha ya watoto hayawekwi juu ya labda.

Kisha kuna mwili wa mpigaji. Geji 12 inapiga bega teke la kweli. Mtu mwepesi akipiga risasi tano bila kufundishwa, anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na baada ya hapo harudi tena kufanya mazoezi. Kwenye hofu, wengi wanavuta mkono wa mbele nusu tu, ganda la kwanza linakwama, na hapo bunduki imegeuka rungu. Ina urefu wa karibu mita moja, inataka mikono miwili, na ukiwa umebeba mtoto au simu, mikono miwili huna.

Ukiipenda shotigani kwa sababu ya bei, chukua geji 20 yenye kitako kifupi. Teke linapungua sana, na kwa umbali wa chumba hutakosa nguvu. Itunze magazini ikiwa na risasi na chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ikiwa tupu, kwa sababu nyingi za aina hii zinaweza kulipuka zikianguka huku risasi iko kwenye chemba.

Bastola ya magazini

Naanza na ubaya wake. Kati ya silaha zote nne, bastola ndiyo ngumu kuliko zote kuipiga vizuri. Haina kitako cha kuegemea bega, mtutu ni mfupi, na mtikisiko mdogo wa kidole unaihamisha shabaha. Asiye na nia ya kwenda kwenye uwanja wa shabaha asiinunue.

Uzuri wake ni kwamba inaendana na maisha ya nyumba yenye watu. Unaishika kwa mkono mmoja huku wa pili ukifungua mlango wa mtoto, ukishika tochi au ukipiga simu. Inaingia kwenye kasha dogo la chuma kando ya kitanda, kwa hiyo inaweza kufungwa kila siku na bado ikafikiwa kwa sekunde chache. Kwangu sababu hii inazipita zote: bastola ndiyo rahisi kuliko zote kuifungia, na nyumba zetu zina watoto, wapwa, wageni wa mwezi mzima na binamu aliyelala kochini.

Chukua milimita 9. Zamani kulikuwa na ubishi juu ya vipenyo vikubwa zaidi, lakini FBI wenyewe walirudi kwenye 9 katikati ya miaka ya 2010, baada ya risasi zenye ncha wazi kuboreshwa. Risasi za mazoezi ni za bei nafuu kuliko za vipenyo vingine vya ulinzi, na hilo ndilo linaloamua kama utafanya mazoezi au la.

Ukubwa wa bastola ndipo watu wanapodanganywa, hasa akina dada. Muuzaji anamwona mwanamke mwenye mikono midogo, anamletea kibastola cha mfukoni, pengine cha rangi ya zambarau. Nilikuwepo uwanjani dada mmoja muuguzi alipokuja na ushauri wa namna hiyo. Alipiga kibastola kile mara tatu na kiganja kikawa chekundu. Akapewa Glock 19, ambayo ni ya ukubwa wa kati, akapiga magazini nzima, akageuka: "Mbona hii kubwa ndiyo laini, kaka?" Ndiyo laini kwa sababu uzito wake unameza teke, na mpini wake unaupa mkono mzima mahali pa kushika. Kibastola kidogo kimetengenezwa kwa ajili ya kufichwa chini ya nguo. Kitandani hufichi kitu.

Kukoki kulimshinda mwanzoni. Alikuwa ameshika sehemu ya juu kwa ncha za vidole viwili na kuivuta kama anayevua pete. Mkufunzi akamwonyesha: iweke bastola karibu na kifua, mtutu ukielekea kwenye shabaha, funika sehemu ya juu kwa kiganja kizima, halafu sukuma mpini mbele badala ya kuvuta juu nyuma. Ikakoki mara ya kwanza. Kwa anayeshindwa hata kwa njia hiyo, kwa sababu ya baridi yabisi au umri, Smith & Wesson wana bastola iitwayo Shield EZ iliyoundwa kwa springi nyepesi.

Fahamu pia kwamba Glock ya kawaida haina sefti ya kusukuma kwa kidole gumba. Ukivuta triga, inalipuka. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kupiga, na kama jambo hilo linakutia wasiwasi, zipo bastola nzuri zenye sefti ya kidole gumba.

Rivolva

Wazee wanaipenda, nami naelewa. Risasi tano au sita kwenye silinda, hakuna magazini, hakuna kukoki. Unavuta triga, na risasi ikigoma unavuta tena. Inaweza kulala sefuni mwaka mzima bila kuguswa na ikafanya kazi. Lakini triga yake ni nzito na ndefu, mara nyingi kilo nne na nusu hadi tano na zaidi, na mkono dhaifu unaitikisa shabaha kwa kuivuta tu. Kujaza upya gizani ni shida. Ukichagua hii, nunua ya chuma yenye uzito wa karibu kilo moja na kipenyo cha .38, kwa mfano Model 10 ya Smith & Wesson iliyotumika, na uziache zile nyepesi za gramu 400 ambazo zinaumiza mkono kuliko bastola yoyote.

AR-15

Silaha hii imebeba huzuni kubwa ya nchi hii, na wapo wasiotaka kuiona ndani ya nyumba yao. Nawaheshimu. Kwa upande wa kupiga tu, ukweli ni kwamba ndiyo rahisi kuliko zote. Ina uzito wa karibu kilo tatu, teke lake ni dogo kiasi kwamba mtoto mkubwa analimudu, inaegemea bega, na kitako chake kinarefushwa na kufupishwa kumfaa mke na mume. Mgeni kabisa anaweza kupiga kwa usahihi siku ya kwanza.

Kinachonifanya nisiipendekeze kama silaha ya kwanza kwa nyumba zetu nyingi ni mambo mengine. Ni ndefu, na ukiwa nayo kwenye korido huna mkono wa kumshika mtoto. Sefu yake inayofunguka haraka ni ghali na ni kubwa, kwa hiyo watu huishia kuiweka nyuma ya nguo kabatini, ambako mtoto wa miaka minane anaifikia. Mlio wake ndani ya chumba ni mkali kupita wa bastola, na zote mbili zimeshavuka desibeli 140 ambazo huanza kuumiza masikio moja kwa moja. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Maryland, Connecticut, Illinois, Washington na majimbo mengine kadhaa yameipiga marufuku au kuibana, na magazini zake huwekewa kikomo, mara nyingi risasi 10. Uking'ang'ania bunduki ndefu isiyo shotigani, ipo Ruger PC Carbine ya milimita 9, yenye teke dogo na risasi zilezile za bastola.

Kwa anayetaka kuona kwa haraka, bei zikiwa za makadirio:

| | Uzito bila risasi | Risasi ndani | Risasi moja ya mazoezi | Kuifungia kando ya kitanda |
|---|---|---|---|---|
| Bastola 9 mm | kilo 0.6–0.7 | 15 | senti 25–30 | rahisi |
| Rivolva .38 | hadi kilo 1 | 5–6 | senti 40–60 | rahisi |
| Shotigani | kilo 3 na ushei | 5–8 | marisau makubwa dola 1 au zaidi | vigumu |
| AR-15 | karibu kilo 3 | 30, au 10 kwenye baadhi ya majimbo | senti 45–60 | vigumu |

Kutonunua

Mwaka 2023 watu zaidi ya 46,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu wapatao milioni 26 wa California, ulikuta kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano mara 8 wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wasio nayo. Kwa wanawake ilikuwa mara 35. Takwimu hizi nazitaja kwa sababu zinatuhusu. Miongoni mwetu wapo waliotoka Kivu wakiwa wameona yasiyosemeka, wapo vijana waliofika hapa wakavunjika moyo kimyakimya, na sisi huzuni ya mtu huiita uvivu au kumwachia Mungu. Kama kuna mtu nyumbani mwako asiyelala, aliyeacha kula, anayesema amechoka na maisha, usilete silaha. Kama ipo tayari, itoe kwa muda. Majimbo mengi yana njia ya kuihifadhi kwa polisi au kwenye duka la silaha. Namba ya simu 988 inapokea watu wenye hali hiyo saa zote.

Vivyo hivyo kwa nyumba yenye ugomvi wa mke na mume, na kwa nyumba yenye mlevi.

Kwa nyumba hizo, na kwa zote, anza na mlango. Bati la fremu ambamo komeo linaingia kwa kawaida limefungwa kwa skrubu fupi za chini ya inchi moja, zilizoshika ubao wa mapambo tu, na teke moja zuri linaling'oa. Zitoe, weka skrubu za inchi 3 zifike kwenye mbao za fremu ya nyumba. Kazi ya dakika kumi. Ongeza taa ya nje inayowaka yenyewe mtu akipita, kengele ya mlangoni yenye kamera, na kama nafasi ipo, mbwa anayebweka. Mwizi wa mchana anayetafuta televisheni huyo ameshaondoka.

Kuifungia

Ukinunua silaha, nunua na sefu siku hiyohiyo. Kwa bastola napendekeza kasha la chuma lenye vitufe vya kubonyeza visivyotumia betri, lililofungwa kwa boliti ukutani au kwenye fremu ya kitanda. Za alama za vidole zinavutia, lakini Oktoba 2023 tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ilitangaza kurudishwa kwa takriban sefu 61,000 za aina hiyo, kwa sababu zingeweza kufunguliwa na kidole kisichosajiliwa. Ukiwa nayo, jaribu kuifungua kwa kidole cha mwanao.

Texas ni kosa kuacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Huko Michigan, mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja baada ya mtoto wao kuwaua wanafunzi wenzake wanne kwa bastola ya nyumbani. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya begi la nguo, mtoto amekwishapekua siku nyingi.

Saa yenyewe ikifika

Silaha yoyote utakayochagua, tochi ya mkononi ni lazima. Taa iliyofungwa kwenye bastola ni nzuri, lakini kumulika kwa hiyo ni kumwelekezea mtu mtutu, na mtu huyo anaweza kuwa mwanao aliyerudi saa saba. Aprili 2023, Kansas City, kijana wa miaka 16 wa familia ya Kiliberia alikosea nyumba akiwafuata wadogo zake, akabonyeza kengele, na mwenye nyumba akampiga risasi kupitia mlango. Alipona kwa neema ya Mungu. Mlango uliofungwa ni ulinzi wako. Usiufungue, na usipige risasi kupitia kwake.

Mpango mzuri kwa familia ni mmoja: wote mkusanyike chumba kimoja, mlango ufungwe, silaha ielekee mlangoni, simu ipigwe 911. Taja anwani kwanza, kabla ya hadithi. Kama Kiingereza kinakimbia kwa hofu, sema "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu. Waambie mwenye nyumba ana silaha, yuko chumba gani na amevaa nini.

Halafu polisi wakifika, iweke chini kabla hawajakuona. Nasema hili kwa uzito wote kwa sababu sisi ni Weusi. Oktoba 2019, hapa Fort Worth, mwanamke Mweusi wa miaka 28 alikuwa nyumbani na mpwa wake usiku. Akasikia mtu nje, akachukua bastola yake aliyoimiliki kihalali, akasogea dirishani. Aliyekuwa nje alikuwa polisi, na alimpiga risasi kupitia kioo. Polisi huyo alitiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuua bila kukusudia. Bastola unaweza kuiweka kitandani na kuinua mikono kwa sekunde moja. Bunduki ndefu iliyofungwa mkanda begani haitoki upesi hivyo.

Ningemchagulia nani nini

Familia ya apatimenti au nyumba yenye watoto, na angalau mtu mzima mmoja aliye tayari kwenda uwanjani kila mwezi: bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati, sefu ya vitufe na tochi. Wanandoa wazee waliobaki wawili, mikono yao bado ina nguvu lakini hawatafanya mazoezi mengi: rivolva nzito ya .38, au shotigani ya geji 20 kama wanalala chumba kisicho na mtu nyuma yake. Anayeishi shambani mbali na majirani, polisi wakichukua nusu saa kufika, na sheria ya jimbo inaruhusu: AR-15 au ile ya Ruger, kwenye sefu kubwa. Asiye na muda wa mazoezi kabisa: skrubu za inchi 3 na mbwa.

Usinunue siku ya kwanza. Viwanja vingi vya shabaha vinakodisha. Kodi tatu au nne, piga risasi 50 kwa kila moja, nenda na mwenzi wako naye apige, kwa sababu usiku ule huenda ni yeye aliye karibu na sefu. Chukua kozi ya wanaoanza ya siku moja. Ukishanunua, usiamini risasi za ulinzi zikiwa bado kwenye boksi: piga magazini mbili tatu uone kama silaha yako inazila bila kukwama, halafu ndipo ujaze nyingine na kuifungia.